Taa ya Bluu Nyuma ya Kabati

Bisha sasa hivi, maana tukifika katikati hutakuwa na mdomo wa kubishia. Wenye vyeti ndio kabisa, sogeeni mbele.

Kulikuwa na fundi wa seva, jina la kazini Barafu, kwa kujigamba kwamba hakuna mashine iliyomshinda kuipoza. Alifanya kazi na mdogo wake wa kike. Mchana mmoja wakaitwa hospitalini: seva inachemka, taa yake ya kijani imegeuka njano, na chumba chenyewe kina baridi ya kuvalia sweta. Barafu akapuliza vumbi, akabadilisha feni. Ikazidi kuchemka, chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

Wakaamua kuichomoa. Kwa kazi hiyo, fundi wa mbele hubonyeza kitufe, taa ya bluu ikawaka mbele na nyuma ya mashine ileile, ili wa nyuma asikosee waya. Wa mbele huuliza, "Unaiona?" Wa nyuma hujibu.

"Naiona," dada mtu akajibu kutoka nyuma ya kabati la seva.

Barafu alikuwa hajabonyeza kitu. Wala hajauliza.

"Umemjibu nani?" akanong'ona.

"Si wewe, kaka?"

Binti akatoka anatetemeka, paji la uso linaunguza. Kule nyuma, taa ya bluu iliwaka kwenye seva ileile mbovu, na waya zake zote binti alikuwa ameshazichomoa.

Wakamwita shangazi yao, mtoa majini. Akamshika binti, akasema hicho kitu kinatafuta nyumba, na kimeshaitikiwa mara moja. Atakayekiitikia tena, kinahamia kwake moja kwa moja. Lazima mtu asimame kule nyuma, kimwite mpaka kichoke, bila kujibiwa. Barafu akasema atasimama yeye.

"Kwa mdomo huo?" shangazi akamuuliza. "Wewe hata ukitafuna unaongea."

Akasimama. Feni zote zikanyamaza, taa zikageuka njano moja baada ya nyingine zikimfuata aliposimama, joto likampanda kisogoni kama pumzi ya mtu aliyekimbia, na sauti ikaanza kumuuliza unaiona, kwanza kwa sauti ya shangazi, kisha ya marehemu mama yao, kisha kwa sauti yake mwenyewe Barafu, karibu kabisa na sikio, naye ameuma ulimi mpaka damu.

Mara taa ya bluu ikazima. Za kijani zikarudi. Mdogo wake akapoa papo hapo, akaulizia chakula. Shangazi akamtazama Barafu sana, akaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo huwa naishia, watu wanapiga makofi. Kuna kipande nakiruka.

Sauti ya mwisho haikuuliza kitu. Ilikuwa ya mdogo wake, inalia: "Kaka, basi acha niitikie mimi."

Barafu akaitika.

Siku hizi akioga, maji yanamkaukia mwilini kabla hajashika taulo. Na bado anamwambia mkewe amletee blanketi.