Filimbi Kifuani mwa Mfinyanzi

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya shimo la udongo, mama mfinyanzi alikanyaga udongo kwa miguu mitupu huku akiimba. Binti yake aliamka kwa wimbo huo, akidhani bado anaota.

Kisha wimbo ukaanza kukatika. Mama alikohoa. Kifua kililia filimbi.

"Ni moshi wa tanuru," alisema baba. Wakahamisha tanuru mbali na nyumba. Filimbi haikuhama.

Jirani yao, mhudumu wa afya, alikuja kuchukua chungu. Alimsikia mama akihema, akaitazama miguu yake.

"Dada, miguu ilikuwasha?"

"Sana, kabla ya kikohozi."

"Na hapa mnajisaidia wapi?"

Binti aliinamisha macho. "Vichakani, kwenye mteremko ulio juu ya shimo."

"Mvua inauteremsha uchafu kwenye udongo. Humo mna mayai ya minyoo. Yakianguliwa, vijidudu visivyoonekana hupenya ngozi, vikasafiri na damu hadi mapafuni."

Baba alicheka. "Minyoo kifuani? Si kwao ni tumboni?"

"Huko ndiko wanakokwenda, shemeji. Mapafuni wanapita tu, lakini hawapiti kimya. Mapafu yakijeruhiwa hutoa ishara, kama mtu anayeita majirani usiku. Askari wa mwili huja mbio. Wakijazana, njia ya hewa huvimba, hujaa makohozi, hubana. Ndiyo hiyo filimbi. Ila kikohozi kina sababu nyingi. Dada, twende wakupime."

Kwenye kituo cha afya walimpima damu, makohozi na choo. Ilikuwa minyoo kweli. Mama alipewa dawa.

"Sasa uvae viatu vya mpira," alisema jirani.

"Viatu ni vipofu," alisema mama. " Miguu yangu ndiyo inayoona vijiwe vinavyopasua vyungu."

"Miguu ione, kifua kizibe?"

Binti, ambaye hakuzoea kusema mbele ya watu, alisema polepole, "Nitauchekecha udongo kwanza, mama. Viatu havitakuwa na cha kutafuta."

Baba alichimba choo upande wa bonde, mbali na shimo. Vichakani hakwenda mtu tena.

Asubuhi moja binti alisikia ukungu ukiimba. Alitoka nje taratibu, asije akauamsha. Mama alikuwa ndani ya viatu virefu, akikanyaga, pwata, pwata. Wimbo ulipanda, ukashuka, ukafika mwisho bila kukatika.

"Mbona umesimama kama chungu?" alisema mama. "Lete maji. Naanza wa pili."