Sauti Iliyomwita Maimuna

Mama yangu, Maimuna, si mtu wa kuogopa ovyo. Nyoka akiingia jikoni, yeye ndiye anayeshika jembe. Kwa hiyo siku niliyomkuta anaanika sanda uani, mimi Pili mwanawe nilijua kuna jambo.

Tunakaa Bigwa, pale njia inapoanza kupanda mlimani. Baba, mzee Yunusi, alipata kiharusi mwaka juzi. Upande mmoja wa mwili umelegea, na sauti imebaki nyembamba. Chumba chake kiko kushoto, ukiingia tu. Kila asubuhi mimi hupeleka mboga sokoni, nao wanabaki wawili.

"Mama, sanda ya nani hiyo?"

Hakujibu. Nikamgusa bega. Akaruka kwa hofu.

"Nauliza, sanda ya nani?"

"Yangu. Naitwa, Pili."

"Unaitwa na nani?"

Akanyoosha kidole kulia, mlimani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba.

"Huko. 'Maimuna... Maimuna...' Kila siku. Ni marehemu dada Mwanvita. Mimi siitiki ng'o!"

Ndivyo tulivyolelewa. Ukiitwa na mtu usiyemwona, nyamaza. Ukiitika, umekwenda. Angekuwa mtu mwingine ningemcheka, lakini huyu alikuwa mama. Nilitega sikio. Nilisikia mto tu.

Mwezi mzima ukapita hivyo. Mama akaacha kula vizuri. Akaanza kugawa kanga zake.

Alhamisi moja nilirudi alasiri. Mama alikuwa amekaa kando ya njia, amejifunika gubigubi, anasoma dua. Mlango wa nyumba ulikuwa na kufuli kwa nje.

"Leo ameingia ndani!" alisema, ameshika ufunguo. "Ameniita huku analia. Nikatoka mbio, nikamfungia humo humo."

"Na baba je?"

Mama alinitazama. Ufunguo ukamdondoka mkononi.

Niliufungua mlango. Ndani giza, kimya. Kisha nami nikaisikia, wallahi. "Maimuna..." Ilikatika, ikaanza tena. Ilitoka chini, sakafuni.

Alikuwa baba. Alikuwa ameanguka kutoka kitandani tangu adhuhuri. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Nimemwita," alisema. "Pili, mama yako hanitaki tena?"

Nililia. Nilikuwa na hasira, na aibu, na sikujua nimlaumu nani.

Nilimwita jirani yetu, Ester, nesi wa kliniki ya masikio. Alimkagua baba. Hakuwa ameumia. Tukamrudisha kitandani, nikamweleza Ester kila kitu. Hakucheka. Alitoka nje, akasimama nyuma ya mama, upande wa kushoto, akamwita kwa jina la kaka yangu, "Mama Salehe!"

Mama akageukia kulia. Mlimani.

"Umeona, Pili?" Ester akasema. Akaja mbele ya mama, akasema taratibu, wanatazamana. "Mama, masikio yako yamepungua nguvu. La kushoto ndilo baya zaidi. Sauti ikisikika kwa sikio moja, unaona kama inatoka upande huo huo. Aliyekuwa anakuita yuko chumbani."

"Yunusi?" Mama alinong'ona. "Siku zote hizi?"

"Siku zote hizi."

"Nimemfungia mume wangu!" Akakaa chini pale pale.

Nikauliza kama tununue dawa ya matone. Ester akanikata kauli.

"Usitie kitu sikioni! Kwanza daktari atazame ndani."

Tulikwenda kesho yake. Daktari alitoa nta nyingi sikio la kushoto, ngumu kama kokoto. Kisha akampima. Masikio yote mawili yalikuwa yamepungua kiasi, kwa sababu ya umri.

Kaka yangu Salehe, anayefanya kazi Mzumbe, akaleta simu yake na vispika vyake vidogo vya kuvaa masikioni, visivyo na waya.

"Hivi si vya muziki?" mama akauliza. "Nicheze ngoma uzeeni?"

"Vingine vinaweza kusaidia kusikia," Ester akasema. "Si vyote, na si kwa kila mtu. Ni kwa mtu mzima aliyepungukiwa kiasi, kama wewe. Kwa mtoto havifai. Anayeumwa sikio, anayetoka usaha, au aliyeacha kusikia ghafla, aende hospitali."

Vispika vilikuwa vimejaa chaji. Salehe aliiwekea simu programu mpya, akaviunganisha. Tukajaribu vipira laini vya ncha zake, vikubwa na vidogo, mpaka vikakaa sawa masikioni. Tukazima redio, tukafukuza kuku, tukafunga mlango.

"Simu itatoa milio midogo," Ester akasema. "Ukisikia mlio, gusa kioo. Usipousikia, usiguse."

Mama akafumba macho. Mara mkono wake ukasimama hewani.

"Ester, huu uko mbali sana. Unaniita?"

"Ni simu tu, mama. Gusa."

Akagusa. Sikio la kulia, kisha la kushoto. Simu ikaonyesha majibu, Ester akawasha sehemu ya kusaidia kusikia.

"Yalaa! Mbona mnapiga kelele?" mama akaruka. Ester akapunguza sauti kidogo.

"Anza na saa chache kila siku. Utazoea."

Mama akainua kichwa. "Maji hayo?"

"Mto, mama."

"Nilidhani umekauka."

Ukungu ulikuwa umefika dirishani. Ndipo ilipokuja.

"Maimuna..."

Mama akaganda. Mkono ukapanda sikioni, tayari kukichomoa kile kispika. Macho yakaenda kulia, dirishani. Nilitamani kumwambia, lakini Ester alinishika mkono.

Polepole, mama akageuza shingo. Akatazama kushoto.

"Abee!" aliitika. "Abee, baba Salehe! Nakuja!"

Alikimbia. Tukamsikia baba analia kwa sauti.

Sanda imerudi sandukuni. Vispika vikienda chaji, mama huweka kigoda mlangoni kwa baba, amwone akinyanyua mkono kumwita.

Na baba siku hizi ni msumbufu kweli! Anaita asubuhi, anaita mchana.

"Maimuna!"

"Abee! Unataka maji?"

"Sitaki kitu. Itika tena."