Kopo Moja, Nyuso Mbili

Kila siku, saa kumi na moja na nusu asubuhi, Germaine huwasha mbabula, jiko lake la makaa. Huweka sufuria ya mafuta juu ya moto. Kisha huanza kukaanga vitumbua mbele ya nyumba yake mtaani Panda, katika zile nyumba za matofali walizojengewa wafanyakazi wa mgodi. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Germaine hachimbi. Yeye anakaanga.

Vitumbua vyake vinajulikana. Watoto wa shule hununua viwili viwili. Waendesha pikipiki hula wakiwa wamekaa juu ya pikipiki zao. Ikifika saa tano, jua linapiga usoni kutoka juu, na moto unapiga kutoka chini.

Germaine ana miaka hamsini na miwili. Mume wake, Floribert, ni karani wa shule ya msingi. Ana miaka arobaini na tisa. Mke amemzidi mume miaka mitatu. Ndani ya nyumba hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mjini Kolwezi, kwa Henriette, dada yake Floribert.

Kwa desturi yao, dada wa mume humwita mke wa kaka yake "bibi yangu", yaani mke wangu, naye huitwa "bwana wangu". Ana ruhusa ya kumtania. Henriette aliitumia ruhusa hiyo yote, hakubakiza hata kidogo.

Asubuhi moja simu ililia karibu na sufuria.

"Bibi yangu!" alisema Henriette. "Inabakia juma tatu. Nakuja ku noces d'argent yenu, miaka makumi mbili na tano ya ndoa. Minye njo nitaimba kasala."

Kasala ni wimbo wa sifa wa Waluba. Mwimbaji humtaja mtu kwa majina yake na ya wazee wake, mbele ya watu wote. Akitaka, huchomeka na utani.

"Utasema nini mu ile kasala, bwana wangu?" aliuliza Germaine.

"Nitasema kaka yangu alienda kutafuta bibi, akarudi na dada mukubwa!"

Germaine alicheka. Alipokata simu, aliinua kifuniko cha sufuria akajitazama. Aliona mikunjo kando ya macho na mingine kwenye paji la uso. Alifikiria kanisa zima likimtazama, na Henriette akiimba. Hakucheka tena.

Siku ile ile alikwenda sokoni kwa Jimmy, kijana anayeuza vipodozi. Jimmy alimwonyesha kopo jeupe lenye kifuniko cha rangi ya dhahabu. Juu yake palikuwa na picha ya mwanamke mwenye uso laini kama yai. Paliandikwa kwa Kifaransa: krimu ya usiku, huondoa uzee.

"Mama, unapaka, unalala," alisema Jimmy. "Asubuhi mutoto wako atakuita mutoto."

"Usiku moja tu?"

"Moja! Kama iko mikunjo mingi, mbili."

"Inatengenezwa na nini?"

"Na bazungu."

Hilo halikuwa jibu. Germaine alinunua hata hivyo. Hakuona kwamba kopo halikuwa na jina la kiwanda, wala orodha ya vilivyomo, wala tarehe ya kuharibika. Alilificha ndani ya sanduku la viatu vyake vya kanisani, ili Floribert asimcheke.

Usiku wa kwanza alipaka kidogo. Asubuhi alijitazama. Alikuwa Germaine yule yule.

"Kidogo haisaidie," alijiambia. Usiku wa pili alipaka nene, kama siagi kwenye mkate. Usiku wa tatu alijisugua kwanza na ndimu, ili krimu ipenye vizuri. Asubuhi hakunawa. Aliona kwamba dawa ikikaa sana, itafanya kazi sana. Akasimama nayo mbele ya mbabula, juani, mpaka saa tano. Uso wake ulikaangika pamoja na vitumbua.

Jambo moja lilimshangaza. Krimu ilikuwa inapungua mbio. Alimwita binti yake, Sephora, mwenye miaka kumi na minane.

"Sephora! Unaiba krimu yangu?"

"Krimu ya nini, mama?"

"Ya kurudisha utoto."

"Mama, minye nirudie utoto gani? Ya kunyonya?"

Usiku wa nne alipaka tena.

Asubuhi ya siku ya tano aliamka uso ukiwaka. Alichukua kioo.

"Mamu wanyi!" alipiga kelele, akimwita mama yake.

Uso ulikuwa umevimba na kung'aa kama shaba iliyotoka motoni. Kwenye mashavu ngozi ilikuwa inabanduka. Macho yalikuwa madogo. Aligeuka kumwamsha mume wake. Floribert alikuwa amejifunika blanketi mpaka juu ya kichwa.

"Baba Sephora, amka. Angalia taabu yangu."

"Niache. Leo niko na malaria."

"Malaria gani ya kuficha kichwa? Toa blanketi."

"Hapana."

Germaine alivuta blanketi. Floribert alivuta upande wake. Germaine, ambaye hukoroga ndoo mbili za unga kila asubuhi, alishinda. Wakatazamana.

Uso wa Floribert ulikuwa kama wa Germaine, tena mbaya zaidi. Kidevu chote kilikuwa na vipele vyenye majimaji.

"Ni weye!" alisema Germaine. "Ni weye njo mwizi ya krimu!"

"Nilikuwa natafuta burashi ya viatu," alisema Floribert. "Nikafungua sanduku. Nikasoma. Nikapaka."

"Kwenye kidevu?"

"Kila mara nikimaliza kunyoa ndevu."

"Juu ya ngozi ya kunyoa! Na ujana ya nini weye? Dada yako anasema minye njo muzee hapa."

Floribert alishika kichwa chake. "Angalia hii nywele, yote nyeupe. Mu foto ya arusi nilikuwa kijana. Nilijisemea: siku ya sikukuu, huyu bibi atasimama na muzee gani?"

Germaine alimtazama. Kumbe miaka yote mwanamume huyu naye alikuwa na woga wake. Kicheko kikampanda.

"Usinichekeshe!" alilia Floribert, naye akicheka. "Uso inapasuka!"

Kicheko hakikudumu. Germaine alipotoka kuwasha makaa, mteja wa kwanza alifika kwa pikipiki. Alimwona, akarudi nyuma.

"Mama, ile ni mpox?"

"Ni krimu!"

"Krimu ya mpox?" alisema yule kijana, akawasha pikipiki.

Saa mbili mtaa mzima ulikuwa umesikia. Vitumbua vilipoa kwenye beseni. Shuleni, mkurugenzi alimwona Floribert kwenye lango akamrudisha kabla hajaingia. Zilibaki siku kumi na sita kabla ya sikukuu.

"Tuahirishe," alisema Germaine. "Siwezi kusimama mu kanisa na hii sura. Henriette ataimba hii uso mpaka nife." Machozi yalimtoka. Yalipopita kwenye mashavu yalimchoma, akaacha kulia.

Sephora alikwenda mbio kumwita jirani yao, Mama Mayimuna. Mama Mayimuna ni muuguzi kwenye kituo cha afya. Mume wake, Nasoro, ni dereva wa lori. Mama Mayimuna aliingia, akawaona wawili wamekaa bega kwa bega kwenye kiti kirefu. Alifunika mdomo kwa mtandio wake. Mabega yalitikisika kidogo. Kisha akawa muuguzi.

"Muko na homa?"

"Hapana," walisema.

Aliwagusa chini ya taya na kwenye shingo. Alitazama viganja, mikono na miguu. Hapakuwa na kitu.

"Haiko mpox," alisema. "Lakini mulifanya vizuri kuita muntu. Homa na vidonda ikikuja pamoja, hakuna kungoja, ni kituo cha afya. Sasa muniletee ile kintu mulipaka."

Sephora alileta kopo. Mama Mayimuna aliligeuza juu na chini.

"Germaine, ukienda kununua mafuta ya vitumbua, unaweza kununua chupa bila jina?"

"Hata siku moja."

"Na uso, unapaka yenye haina jina? Angalia. Nani aliitengeneza?"

"Bazungu," alisema Germaine kwa sauti ndogo.

"Bazungu gani? Beko na anwani? Iko nini mule ndani? Tarehe iko wapi? Krimu kama hizi, zingine banatia zebaki. Ni sumu, inaharibu figo. Zingine banatia kotisoni kali ama hidrokinoni, dawa ya kuchubua ngozi. Ngozi inang'aa siku kidogo, kisha inakuwa nyembamba, inatoka madoa. Hii hapa siwezi kujua iko na nini. Hata weye hauwezi. Njo maana haikupaswa kufika ku uso."

"Basi krimu yote ya usiku ni mbaya?" aliuliza Floribert.

"Sikusema vile. Krimu nzuri iko. Lakini hakuna yenye kuondoa mikunjo usiku moja. Ile nzuri inasaidia kidogo kidogo, miezi. Na zingine zinafanya ngozi kuogopa jua. Unapaka kidogo usiku, asubuhi unanawa, muchana unajikinga na jua. Muke mwenye mimba anauliza munganga kwanza. Weye, Germaine, ulinawa asubuhi?"

Germaine alitazama chini. "Nilisimama nayo ku mbabula."

"Na ndimu," alisema Sephora.

"Sephora!"

"Ndimu na jua!" Mama Mayimuna alishika kiuno. "Weye haukutaka krimu. Ulitaka kuiva."

Sasa wote walicheka, kwa uangalifu. Kisha Mama Mayimuna aliwaambia la kufanya. Waache krimu hiyo leo leo. Waoshe uso kwa maji baridi safi, bila sabuni kali. Wapake vazelini kidogo, basi. Wasipake dawa ya meno, wala ndimu, wala krimu nyingine ya kufunika ile ya kwanza. Floribert asinyoe ndevu mpaka apone.

"Macho ikivimba kufungika, ama pumzi ikikatika, ama usaha ikitoka, mukimbie ku kituo," alisema. "Nyinyi mulipaka siku ine, mutapona. Muntu mwenye alipaka miezi mingi asikae na siri yake mu nyumba. Akuje tumuangalie."

"Na nikinunua ingine siku moja?" aliuliza Germaine.

"Nunua ku farmasi, yenye maandishi. Paka kidogo ndani ya mukono, hapa karibu na kiwiko. Kila siku, juma nzima. Ikiwasha, itupe: uso yako imepona mbele ya kuugua. Na kitu ya kwanza ya kuzuia mikunjo haiko mu kopo. Ni kivuli. Muntu anasimama mu jua na mu moshi miaka makumi mbili, kisha anashangaa mikunjo inatoka wapi!"

Alilichukua lile kopo, akalifunga ndani ya mfuko. "Hii nitaonyesha wamama siku ya kupima watoto."

Kesho yake asubuhi, Mama Mayimuna alifanya jambo moja zaidi. Alikuja na koti lake jeupe la kazi, akasimama mbele ya mbabula, akanunua vitumbua vinne. Alivila hapo hapo, mbele ya watu wote, akilamba vidole. Yule kijana wa pikipiki alimtazama. Alimtazama Germaine. Kisha akasogea.

"Mama, nipe viwili. Lakini bila krimu."

Siku ya nne uso uliacha kuwaka. Siku ya kumi ngozi ilikuwa imetulia. Mikunjo yote ilikuwa bado ipo. Floribert alisimamisha miti minne na mabati mbele ya nyumba, na Germaine akahamishia mbabula kwenye kivuli. Alinunua kofia ya majani, pana kama sinia. Aliipenda. Alianza kwenda nayo hata sokoni.

Henriette alifika siku mbili kabla ya sikukuu. Alishuka kwenye teksi na mizigo mitano, akamkumbatia Germaine, akamvuta pembeni.

"Bibi yangu, usiambie muntu. Nilikuletea kintu."

Alitoa kwenye mkoba kopo jeupe lenye kifuniko cha rangi ya dhahabu.

"Hapana!" walipiga kelele Germaine na Floribert pamoja. Henriette alishtuka, kopo likaanguka na kubingirika mpaka chini ya kiti.

"Lakini nyinyi muko na nini?"

"Weye ulishapaka?" aliuliza Germaine.

Henriette aliinamisha kichwa. "Nilitaka kuanza leo usiku. Bantu wataniangalia na minye, siyo nyinyi peke."

Basi Henriette pia! Germaine aliokota kopo, akaligeuza juu na chini kama alivyoona likigeuzwa.

"Bwana wangu, nani alitengeneza hii?"

"Muuzaji alisema bazungu."

Germaine alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamkalisha Henriette karibu naye, akamweleza yote. Alimweleza habari ya zebaki na ya jua, na ya kujaribu kwanza kwenye mkono. Hakuficha hata ile ndimu. Henriette alisikiliza bila utani, jambo ambalo halijawahi kuonekana Panda.

Siku ya sikukuu, baada ya misa, wageni walijaa uani chini ya turubai. Floribert alivaa suti. Kidevu chake kilikuwa na ndevu fupi nyeupe, na wanawake wawili walimsifu. Germaine alivaa kitenge kipya, na kofia yake pana juu. Samy, mpiga picha, alimwomba aitoe.

"Mama, kofia inaficha uso."

"Njo kazi yake," alisema Germaine, akaisukuma nyuma kidogo.

Henriette akasimama. Germaine alishika mkono wa Floribert kwa nguvu. Henriette aliita majina ya wazee waliotoka Kasai. Aliita jina la baba yao, na la mama yao. Kisha akamgeukia Germaine.

"Na huyu ni dada mukubwa wa kaka yangu!" aliimba. Watu wakacheka. Mkono wa Germaine ukakaza zaidi. "Alitangulia kuona jua. Njo maana alitangulia kujua kuvaa kofia!"

Uani kulilipuka kwa vigelegele. Germaine alitupa kichwa nyuma akacheka kwa uso wake wote, na hakuna kilichopasuka. Samy akapiga picha hapo hapo.

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu, makaa yaliwaka tena, chini ya mabati. Siku ya kupima watoto ilipofika, kwenye meza ya Mama Mayimuna yalikuwapo makopo mawili yenye vifuniko vya dhahabu. Pembeni yake alisimama Germaine na kofia yake, akiwauliza wamama mmoja mmoja:

"Nani aliitengeneza hii? Na usiniambie bazungu."