Tusi la Uwanjani

Mama yangu anaishi kwa mwanaume aliyemwita mchawi mbele ya uwanja mzima.

Kwangu amekataa kuja!

Kabla hamjaanza kunishauri, sikilizeni kwanza.

Naitwa Masalu, manju wa ngoma hapa Bariadi. Kutunga na kuongoza nyimbo ndiyo kazi yangu. Shule niliishia la nne, lakini mtandaoni nina wafuasi laki mbili. Nikitunga wimbo leo, kesho unachezwa mpaka Dar.

Bujiku, manju wa Maswa, hana hata simu ya kupangusa. Ana ngoma tu, na sauti kama ya fahali.

Nyie wa mbali mjue hivi: kwetu ngoma mbili zinapigwa uwanja mmoja, muda mmoja, kila moja upande wake. Hakuna majaji. Watu wakikimbilia kwa mwenzako, umeshindwa.

Na manju lazima amtukane mwenzake. Ndiyo utamu wenyewe! Jioni mnakula sahani moja, yameisha.

Siku hiyo, baada ya mavuno ya pamba, watu wangu wakaanza kuchomoka... mmoja... wawili... kisha kundi zima! Hata wale waliokuja kupiga picha na mimi.

Wivu ukanipanda.

Bujiku akaniona, akapandisha sauti:

"Masalu ana simu, ngoma hana! Mama yake macho mekundu, usiku anapanda fisi!"

Kwetu anayepanda fisi ni mchawi. Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

Na mama yangu, Nyanjige, alikuwepo. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akavua kanga yake ya mabegani, akaenda kumtuza Bujiku.

Mama yangu mzazi! Anamtuza mshindani wangu!

Macho yake ni mekundu kweli. Maisha yake yote anapikia samadi kavu, moshi umemla.

Mke wangu Minza alikuwa amerekodi yote.

"Lete simu."

"Baba Thomasi, hii usiipandishe. Watu wa mbali hawataelewa."

"Nimesema lete!"

Nikapandisha. Juu nikaandika: MTU MZIMA ANAMTUKANA MAMA YANGU. WIVU MBAYA JAMANI!

Aisee, Bujiku alichambwa!

"Ana roho mbaya huyo!"

"Kachuja, anatafuta kiki kwa mama wa mwenzake!"

Nikasoma yote. Nikarudia. Chakula cha jioni kilikuwa kitamu.

Kesho yake upepo ukageuka.

"Ila macho ya bibi mbona mekundu kweli?"

"Na anacheka! Asiye mchawi angelia."

"Namjua huyo, jirani yetu. Kumbe ndama wetu hawafi bure..."

Nikafuta video. Wapi! Walishaipakua, inazunguka kila kona.

Jumapili nilikuwa Kiloleli, nimealikwa kutumbuiza. Minza akapiga simu analia.

"Kwa mama wanachoma!"

"Nani?"

"Vijana wa hapahapa! Watu wanarekodi tu, hakuna anayezima!"

Nilipofika nilikuta majivu. Mama hayupo. Nikaanza kumwita.

Jirani akanishika bega. "Mzima. Bujiku kamchukua tangu asubuhi. Alisikia gulioni watu wanavyomsema, akaja mbio na bodaboda."

Bujiku!

Nikaenda Maswa na fimbo mkononi. Nikamkuta mama kwenye kigoda, anakunywa maziwa. Bujiku anamgongea kitanda.

"We Bujiku! Unamwita mama yangu mchawi, halafu unajifanya mwokozi?"

Bujiku akaendelea kugonga misumari. Aliyejibu ni mama.

"Keti chini, ng'wana wane, mwanangu."

"Mayu, mama yangu, huyu ndiye aliyekutukana!"

"Aliniimba uwanjani, mbele ya watu wanaojua ngoma. Nilicheka, nikamtuza. Nani alinipeleka kwa wasioijua?"

Nikaketi.

"Ulitaka wamchukie Bujiku. Mimi ulinifanya kuni."

Fimbo nikaiweka chini mwenyewe.

Jamani, nawaambia bila kuzunguka: wivu ukikupanda, mpe mtu mwingine simu na usimwombe akurudishie mpaka upoe. Wa uwanjani wanajua mzaha unaishia wapi. Wa mtandaoni hawajui, na wengine hawataki kujua.

Polisi wamekamata vijana wawili. Wafuasi wameongezeka elfu arobaini. Ndiyo, wameongezeka!

Hasara yangu ni hii.

Nyumba moja ya mama.

Mbuzi sita waliokuwa zizini.

Ngoma ya marehemu baba, iliyokuwa imetundikwa ukutani.

Na mama mwenyewe. Mimi nilizaliwa peke yangu. Juzi nilikuwa palepale Maswa, nimempelekea kanga mpya, mgeni akamwuliza ana watoto wangapi.

"Mmoja," akasema.

Akamnyooshea mkono Bujiku.