Ganda la Nguruwe

— Nguruwe, Nicanor? Umekuwa ukinimezesha nguruwe?

Risper aliirusha bahasha ya dawa juu ya kaunta. Wateja waliojaa katika duka la dawa la mchumba wake, hapo Oyugis, wakageuka kumtazama. Nicanor, mwenye duka, akacheka kile kicheko cha mtu aliyeshikwa.

— Babe, nani amekuambia hiyo maneno?

— Scovia, huyu msichana wako wa duka! Nimempigia simu anitumie dawa zingine, akaniuliza kama siku hizi Wasabato wanakula nguruwe. Anasema pakiti imeandikwa wazi. Kumbe ndiyo maana uliitupa ukaniwekea dawa kwa bahasha!

Scovia alijifanya anapanga chupa za dawa ya kikohozi. Masikio yote yalikuwa kaunta.

— Ni ganda la kidonge tu ndilo la nguruwe, Risper. Dawa yenyewe iko ndani. Yenye haina nguruwe ingebidi niagize Nairobi, na wewe vidonda vya tumbo vimekutapisha damu. Ungekataa! Ningefanya nini?

— Ungeniambia! Nilikuuliza nikiwa kitandani hospitalini, hii ganda imetengenezwa na nini? Ukaniangalia macho kwa macho ukasema ni ya mimea. Mimi huyo, siku ya Sabato, nikasimama mbele ya kanisa lote la Uriri kushuhudia vile Mungu amenipatia mwanaume wa kunitafutia dawa safi. Mama yangu alilia, Nicanor. Alilia kwa furaha!

— Nilificha juu nakupenda.

Mwanaume mzima, na uso mkavu!

— Scovia, niletee maji, — Risper akaamuru.

Maji yakaja. Risper akatoa kidonge kwenye bahasha, akakimeza mbele ya watu wote.

— Umeona? Nimemeza. Ungeniambia ukweli ningelia, ningeomba, halafu ningemeza. Nani amekuambia nataka kufa? Mungu angenielewa. Wewe ndiye uliniona mjinga.

Nicanor akapumua, akidhani mvua imepita.

— Basi yaishe, mpenzi. Jumapili wazee wangu wakileta ng'ombe wa mahari kwenu...

Risper hakumsikiliza. Alikuwa anaandika ujumbe:

"Mama, usichinje kuku. Watu wa Nicanor hawakuji. Sabato nitasimama tena, niambie kanisa nilidanganywa."

Simu ikaita papo hapo.

— Risper, nyathina, mwanangu, kwani huyo kijana amekuacha?

— Hapana, Mama. Yuko hapa mbele yangu. Mimi ndiye nimemuacha.