Pacha wa Nuru na Ubeti wa Mwisho

Pacha wa nuru alikuwa akiimba Tanga, Wete na Moroni kwa wakati mmoja, na Mwanakheri Shebe hakuwa katika ukumbi wowote wa miji hiyo. Alikuwa studio, kola ya pumzi shingoni. Kola ilisoma koo, mapafu na mwili wake, na mtambo ukageuza kila pumzi na kila mwendo kuwa mwanamke wa mwanga jukwaani. Mwanakheri akikohoa, pacha alikohoa.

Zamani kumbi zilikuwa nyingi. Kisha mtangazaji mmoja wa redio akamuuliza nyimbo zake humwimbia nani. Akajibu kwa utulivu kwamba ni Salha, mpiga fidla wake, mpenzi wake wa miaka mingi. Zikabaki tatu tu.

Baada ya onyesho mama yake akapiga simu.

"Harusi ya mdogo wako Ijumaa. Mlete pacha."

"Na mimi, mama?"

"Wewe kaa kwanza. Shangazi zako wamechachamaa."

"Pacha ni mimi, mama."

"Pacha hajasema kitu redioni."

Salha, aliyekuwa akikaza nyuzi, akacheka kidogo. "Mkwe wangu ana hoja."

"Atakuja," Mwanakheri akasema. "Lakini ataimba mpaka ubeti wa mwisho."

Katika ubeti wa mwisho mtunzi hujitaja, na katika ukoo wao wa watunzi hakuna aliyewahi kuukata.

"Fanya utakalo," mama akasema.

Ijumaa pacha alisimama uani kwa mama, mbele ya wanawake. Kutoka studio, Mwanakheri aliona nyuso zote kwenye kioo cha mtambo. Alipofika mwisho hakupunguza sauti:

*Mtunzi ni Mwanakheri, jina langu silifichi,*
*Na Salha wangu johari, mapenzi yake siachi.*

Vigelegele vikakatika. Shangazi mmoja akajitanda buibui, akatoka. Mama aliinamisha kichwa, ila hakumwambia fundi aliyesimamia mtambo pale uani auzime.

Ndipo bibi harusi, Nargis, akainuka. Akachomoa kikuba cha asumini kifuani, akaenda kumtuza mwimbaji, kama ilivyo ada.

"Hongera, dada."

Kikuba kilipenya kiganja cha nuru, kikaanguka sakafuni.

Kule studio, mkono wa Mwanakheri ulikuwa umenyooka, mtupu. Salha akaushika. Mwanakheri akavuta pumzi, akainua kidevu, na uani kwa mama yake pacha naye akainua chake.

"Naurudia ubeti wa mwisho," akasema.