Kisanduku Chekundu cha Mzee Fang

Jamani wenzangu wa Dehua, niiteni shangazi mwenye kiherehere, lakini leo nitasema.

Asubuhi ile karakana yetu ya vyombo vya udongo ilikuwa shwari. Tanuri lilikuwa linawaka vizuri, mimi nachora maua kwenye birika, na kaka yangu Kang, aliyepooza upande mmoja, anakunywa uji wa mchele barazani. Akaingia Mzee Fang na kisanduku chekundu mikononi. Huyu ndiye aliyekuwa akituletea udongo mweupe miaka thelathini, kwa neno tu, bila mkataba. Mkewe alipofariki, tulivaa nguo za msiba kama ndugu, ingawa si wa damu.

"Rongjie mwanangu," akamwambia mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa akiendesha karakana wakati ule, "keki za mwezi hizi, za sikukuu. Mwaka huu nimezioka mwenyewe, mama yako mdogo hayupo tena. Mle pamoja na baba yako."

"Ahsante, baba mdogo. Weka pale," Rongjie akajibu, macho kwenye simu. Hata chai hakummiminia! Mzee akakiweka mezani, akaondoka.

Sasa, nyote mnaujua mchezo wetu wa Sikukuu ya Mwezi. Unaletewa kisanduku cha keki, hukifungui, unampelekea mwingine, naye anampelekea mwingine. Nyumba ilikuwa imejaa visanduku vya wateja, na kile chekundu kilipendeza. Rongjie akakichukua ampelekee meneja wa duka la vyombo.

"We Rongjie! Hicho ni cha Fang, kifungue!"

"Shangazi nawe! Keki ni keki. Nani anazila siku hizi?"

Nikanyamaza. Kosa langu ni hilo, na linaniuma.

Meneja naye akampa karani wake, na karani alikuwa mchumba wa binti wa Fang. Siku ya sikukuu kijana akakipeleka ukweni kwa heshima zote. Binti mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye. Mzee alikifungua mbele ya wageni, na chini ya keki barua yake ilikuwa haijaguswa. Alikuwa ameandika kwamba kiwanda cha vigae kinataka kununua machimbo yake ya udongo, lakini anataka yaende kwanza kwa mtoto wa Kang, hata kwa bei ndogo. Rongjie aje siku ile ya sikukuu, wale chakula pamoja, wamalize jambo. Fang alifunika kisanduku, akawakaribisha wageni chakula. Hakumlaumu mtu.

Sisi tulijua kuna jambo pale udongo ulipoacha kuja. Tukaenda kwake na pombe nzuri. Alitupokea kwa mikono miwili, akamimina chai, akauliza hali ya kaka yangu.

"Na udongo wetu, baba mdogo?" Rongjie akauliza.

"Machimbo yote ni ya kiwanda cha vigae sasa. Nimeshatia sahihi."

"Si ungenipigia simu tu!"

"Nilikuja mwenyewe," akasema Fang. "Kunywa chai, inapoa."

Nilitamani ardhi inimeze. Afadhali angetutukana.

Udongo tulioupata kwingine ulitoa vyombo vya kijivu, vingine vikapasuka motoni. Kabla baridi haijakolea tanuri lilizimwa, na mafundi wakatawanyika. Rongjie sasa ni kibarua wa kiwanda kile cha vigae, anasukuma toroli la udongo wa Fang. Kaka yangu kila asubuhi ananiuliza mbona hatujawasha. Namwambia tunakarabati. Mungu anisamehe.

Funzo

Mdharau mwiba mguu huota tende. Enyi vijana mnaorithi biashara, wazazi wenu hawakuwaachia tanuri peke yake, waliwaachia watu. Mshirika wa miaka mingi hakutishi wala hapigi kelele. Ukimdharau atakupa chai, atakuuliza hali ya wazazi, na mlango wake utakuwa umefungwa. Basi akija kwako, simama, mimina chai, mpokee kwa mikono miwili, na umuulize amekuletea nini. Sisi hatukuuliza.